Kadi Huanza na Bahasha

Mtu akishika mkasi ili atengeneze kadi ya salamu kwa mabaki ya nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni: nina nini? Anamwaga mezani vilivyomo kwenye boksi la viatu: vipande vya kitenge vilivyorudi kutoka kwa fundi cherehani, riboni za zawadi zilizokwishafunguliwa, puleki zilizodondoka kwenye gauni la sherehe, kalenda ya benki ya mwaka juzi, vifungo viwili visivyofanana, na kadi za harusi ambazo ndoa zake zimeshazaa watoto wa shule. Anachagua kilicho kizuri kuliko vyote, anakibandika katikati, kisha anaanza kukitafutia kadi. Nadai kwamba kadi huharibika hapo hapo. Karibu kila ajali ya kazi hii haitokani na mikono mizito wala gundi mbovu. Inatokana na kuanzia mwisho: pambo linatangulia, na bahasha, maneno na mtu wa kupelekewa vinaachwa vijitafutie njia.

Tuchukue bahasha, maana ndiyo inayowaumbua watu kwanza. Karatasi ya kawaida katika maduka yetu ya stesheneri ni A4, milimita 210 kwa 297. Ikunje mara moja upate A5, ikunje tena upate A6, milimita 105 kwa 148. Uwiano wa pande haubadiliki, na mfumo ulipangwa hivyo makusudi. Bahasha nazo zilipangwa ziufuate: C6, yenye milimita 114 kwa 162, inaimeza A6 na kubakiza nafasi. Sasa mtu aliyeanza na kitenge chenye ua kubwa la mviringo hana habari na hayo. Hataki kulikata ua, na ua la mviringo linapendeza kwenye mraba, basi kadi inakuwa ya mraba. Anamaliza usiku akiwa ameridhika kabisa. Asubuhi anakuta dukani bahasha za aina mbili: ile ndefu ya ankara, na ile kubwa ya kaki ya kuombea kazi. Kwenye ndefu kadi haiingii hata kwa dua. Kwenye kaki inaingia, ila inateleza huku na huku, na mpokeaji akiiona mlangoni anadhani ameletewa barua ya kuachishwa kazi. Kinachofuata ni kupunguza. Anapunguza upande wa kulia, kisha wa kushoto ili ulingane na wa kulia, kisha tena wa kulia kwa sababu wa kushoto umezidi kuliwa, mpaka ua linabaki nusu na kadi inafanana na tiketi ya daladala.

Gundi inasingiziwa sana katika mambo haya. Kadi ikijipinda, utasikia kwamba gundi ni feki. Lakini gundi nyeupe ina maji, na karatasi imetengenezwa kwa nyuzi ambazo nyingi zimelalia upande mmoja, ule ambao mashine ya kiwandani ilikuwa ikivutia karatasi. Unyuzi ukilowa hunenepa sana na kurefuka kidogo tu. Ukipaka gundi upande mmoja, upande huo unatanuka na mwingine umetulia, na kadi inajikunja. Dawa yake ni gundi kidogo, au gundi kavu ya kusugua, halafu kadi ilale usiku kucha chini ya vitabu vizito. Ila dawa hiyo inamfaa aliyekwishaamua kadi yake ni ya karatasi gani. Aliyeanza na picha ya mlima kutoka kwenye kalenda ya benki hajaamua kitu, ameamuliwa. Karatasi ile inang'aa kwa sababu imepakwa tabaka laini la udongo mweupe wa kaolini, na gundi ya maji hainyweki vizuri juu yake. Inakauka ikielea, na picha inang'oka ndani ya bahasha, hivyo mpokeaji anapata kadi tupu na mlima pembeni. Basi mtengenezaji anapanda daraja na kwenda kwenye supaglu. Gundi za jamii hiyo zilikutana na wanakemia wa kampuni ya Eastman Kodak, Marekani, mwaka 1942, kikosi cha Harry Coover kilipokuwa kikitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Waliziweka kando kwa kuwa zilinasa kila kitu, uamuzi ambao vidole vingi vimekuja kuukubali baadaye. Supaglu hukauka kwa unyevu, na ngozi ya binadamu haikosi unyevu. Ndiyo maana kidole hushika kuliko kifungo. Tena ikidondokea pamba inakauka kwa kasi na kutoa joto, kiasi cha kuweza kuunguza. Kitenge cha pamba, supaglu ya kumimina na haraka ya saa nne usiku: hapo hatuzungumzii tena sanaa, tunazungumzia zimamoto.

Kuna baki moja linalopotosha kuliko mengine yote, nalo ni kadi ya harusi. Kwa Mtanzania sina haja ya kueleza. Kwanza inakuja kadi ya mchango, halafu, ukiwa umetimiza wajibu, inakuja ya mwaliko, ikiwa imegongwa SINGLE au DOUBLE kulingana na ulivyojikaza. Ni karatasi nene, ina dhahabu na riboni, wakati mwingine na lulu za plastiki, na hakuna mwenye moyo wa kukitupa kitu kilichomgharimu kiasi kile. Kila nyumba ina akiba yake kabatini. Kwa uzuri hazina mpinzani, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu maandishi ya dhahabu hayafutiki. Bibi anayetimiza miaka 80 anafunguliwa kadi na mjukuu wake, na chini ya "Hongera Bibi" panasomeka kwamba mchango uwasilishwe kwa mweka hazina kabla ya tarehe fulani. Bibi, kwa mazoea, anauliza ni shilingi ngapi. Au kadi ya pole kwa mgonjwa imeandikwa DOUBLE pembeni, na mgonjwa amelazwa peke yake. Aliyeanza na Bibi angekata kipande kisicho na maandishi. Aliyeanza na dhahabu aliiona dhahabu tu.

Maneno ndiyo huonewa zaidi. Yanaachwa mpaka mwisho kwa imani kwamba hayahitaji nafasi, na hii kwa Kiswahili ni imani ya hatari. HERI YA SIKUKUU YA KUZALIWA ina herufi 23. Ukikata herufi za sentimita mbili kutoka kwenye vichwa vya magazeti, unahitaji sentimita 46 kabla hujaweka hata nafasi moja kati ya neno na neno, wakati A6 ukiilaza haifiki sentimita 15. Matokeo yake tunayajua wote: HERI imekaa kwa enzi, SIKUKUU imeanza kubanana, na KUZALIWA inateremka ukingoni, W juu ya A. Ndani nako hakuna pa kuandikia, kwani kifungo kimetokeza upande wa pili kwa uzi wake, na salamu zinapita kando yake kama zinavyoweza.

Mtu atanijibu kwamba kadi ni moyo, na moyo haupimwi kwa rula. Nakubali nusu. Moyo haupimwi, lakini unasomwa, na ili usomwe unahitaji mahali. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa, ile ya London ya mwaka 1843, ilizaliwa kwa shida ya kawaida kabisa: Henry Cole alikuwa na watu wengi wa kuwasalimu na muda mchache wa kuandika barua, nayo posta ya senti moja, yaani peni, ilikuwa imeanza mwaka 1840 na kumnyima kisingizio. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree. Zilichapishwa kama elfu moja, zikauzwa shilingi moja moja. Baadhi ya waliopinga ulevi walikasirika kuona familia imeinua glasi za mvinyo na mtoto mdogo naye anaonjeshwa. Kumbe hata kadi iliyopangwa inaweza kuleta kesi. Lakini ilikuwa na mstari wa jina la mpokeaji juu na wa mtumaji chini. Mchoro ulijaza nafasi iliyobaki, haukuipora.

Mwingine atasema namsema fundi wa kutumia mabaki kwa kutumia mfano wa tajiri aliyechapisha. Basi tuwatazame wanaotengeneza kadi za magome makavu ya mgomba, zile za kuuzia watalii. Hakuna baki duni kuliko gome la mgomba uliokwishakatwa mkungu. Wao hukata kwanza kadi nyingi za kipimo kimoja zinazoingia kwenye bahasha zao, ndipo wanatazama rangi: gome jeusi zaidi liwe shina la mti, la kahawia liwe mama mwenye mtungi, la rangi hafifu liwe anga. Gome halimwamrishi mtu awe na mraba. Mafundi cherehani wa viraka nao ni hivyo hivyo; shuka la kitanda linajulikana upana kabla kipande cha kwanza hakijashonwa.

Wapo pia watakaolalamika kwamba mipango ya namna hii inaua raha, na raha ndiyo sababu ya watu wazima kukaa sakafuni na mkasi. Sioni raha iliyomo kwenye kupunguza kulia na kushoto. Raha ya kuchambua mabaki inabaki palepale, tena inaongezeka ukijua unatafuta kitu cha sentimita tano chekundu kwa ajili ya shangazi asiyependa vitu vya kumeta. Watoto nawaachia. Mtoto wa miaka mitano akibandika tambi kwenye karatasi ya manila na kuandika jina lake kinyumenyume, ile ni hati ya umri wake na haihitaji bahasha. Itakabidhiwa kwa mkono, na itakaa ukutani hadi tambi ziliwe na wadudu. Kuhusu kuokoa pesa sitabishana sana. Anayenunua bunduki ya gundi, mkasi wa kingo za mawimbi na pakiti nne za riboni ili atumie riboni moja iliyobaki, hesabu yake ameshaifunga mwenyewe.

Na kadi inayosafiri ina ukaguzi mmoja wa mwisho, ambao ungeanza kufikiriwa kabla ya pambo lolote. Barua zetu nyingi haziji mlangoni, zinakwenda kwenye sanduku la posta, na mara nyingi sanduku ni la shule, la ofisi au la parokia. Karani wa posta ataipiga muhuri kwa nguvu zake zote, naye hajui kuna kifungo chini ya stempu. Halafu kuna glita. Ile ya kawaida ni chembe za plastiki iliyopakwa alumini, nyepesi, zinazonata kwa umeme tuli. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa glita ya plastiki isiyofungwa mwezi Oktoba 2023, kwa sababu haikusanyiki tena ikishamwagika. Huku kwetu bado inasafiri kwa uhuru. Kadi yenye glita ikienda kwenye sanduku la shule, anayefungua bahasha kwanza si mwalimu aliyetumiwa, ni katibu muhtasi wa shule, juu ya meza yenye fomu za mitihani, siku ambayo mkaguzi anakuja.