Bibi Sukari Akataa Kusindikizwa

(Jiko la nyumba moja ya Buyenzi, Bujumbura, Januari 2023. Wizara ya Afya imetangaza kipindupindu mjini. Chumbani kijana anaharisha tangu usiku. Mama yake amechemsha maji, sasa yuko barabarani anatafuta gari la kumfikisha kituo cha afya, na magari hayana petroli. Mezani wamebaki wanne: Sukari, Chumvi, Mafuta ya Mawese na Bidoni la maji.)

SUKARI: Nasikia nitamiminwa jagi moja na Chumvi. Mimi! Nimetoka mashamba ya miwa ya Moso, nimefichwa chini ya meza ya duka, nimeuzwa kwa kunong'onezana, leo nioge maji mamoja na kitu ambacho hata panya hakiibi?

CHUMVI: Samahani, Bibi Sukari. Ni kwa ajili ya mtoto.

SUKARI: Mtoto anahitaji nguvu, na nguvu ni mimi. Nitaingia peke yangu. Seli gani ya utumbo itanifungia mlango?

MAWESE: Zote, mwanangu. Utando wa seli ni ukoo wetu sisi mafuta. Tumepangwa tabaka mbili: vichwa vya fosfeti vinavyopenda maji vimetazama nje na ndani, mikia inayoyakimbia maji imejificha katikati. Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, ndio walioligundua jambo hilo mwaka 1925. Walitoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya chembe zenyewe.

BIDONI: Sema yote, Mama Mawese. Mafuta hawakuyatoa yote, na eneo la chembe walilikadiria dogo. Makosa mawili yakafutana, jibu likatoka sahihi. Kuna wahasibu hapa mjini wanaombea bahati hiyo kila mwisho wa mwaka.

MAWESE: Hata hivyo tabaka ni mbili, na unene wake wote haufiki sehemu moja ya laki ya milimita. Wembamba huo usikudanganye, Bibi. Wewe ni mnene na unapenda maji. Hupiti.

SUKARI: Na nani anapita?

MAWESE: Oksijeni inapita. Kabonidioksidi inapita. Pombe inapita.

SUKARI: Pombe!

BIDONI: Hata urwarwa wa kienyeji. Haupigi hodi, hauulizwi karatasi. Unashangaa nini? Mpakani mama wa kikapu cha nyanya hupekuliwa mpaka chini ya nyanya, gari la vioo vyeusi hupungiwa mkono.

CHUMVI: Mimi pia sipiti kwenye mafuta, kwa sababu nina chaji. Nikiingia majini najigawa: sodiamu kivyake, kloridi kivyake. Lakini katikati ya mafuta ya Mama Mawese pamechomekwa protini, na baadhi yake ni milango. Maji yana yao. Mmoja ulio kwenye utumbo mwembamba hupitisha msafara maalumu: sodiamu mbili na glukosi moja. Robert Crane aliueleza mbele ya wenzake mjini Prague mwaka 1960.

SUKARI: Yaani mimi mmoja, walinzi wawili, na walinzi wenyewe ni wewe?

CHUMVI: Na kabla ya hapo lazima ukatwe. Wewe wa dukani ni glukosi na fruktosi mlioshikana. Kimeng'enya cha utumbo kinawatenganisha, kisha glukosi ndiyo inayokuja mlangoni kwangu.

SUKARI: Nidhalilishwe mara mbili! Na wewe, fukara, nani anakulipia safari?

CHUMVI: Pampu. Iko upande wa seli unaoelekea damu. Kila mzunguko inatoa sodiamu tatu, inaingiza potasiamu mbili, inatumia ATP moja, sarafu ya nguvu ya seli. Ndani ya seli sodiamu inabaki haba, kwa hiyo mimi huvutwa kuingia, na nikiingia naingia nawe. Jens Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957 kwenye neva za kaa. Nobel yake ilikuja 1997, miaka 40 baadaye.

BIDONI: Pampu isiyokaukiwa! Kaka yangu yupo kwenye foleni ya petroli tangu juzi, amefungwa kamba na wenzake ili asirukwe. Nielekezeni hiyo pampu iko mtaa gani.

MAWESE: Imo ndani ya huyo kijana aliyelala pale. Robo hivi ya nguvu anazotumia akiwa amepumzika huishia kwenye pampu za aina hiyo.

SUKARI: Lakini kipindupindu si kimeshabomoa kila kitu?

BIDONI: Hakijabomoa. Sumu yake inaingia kwenye seli na kuamuru milango ya kloridi ikae wazi. Kloridi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, maji yanazifuata zote mbili. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Ila ule mlango wa msafara haukuguswa. Mwaka 1971 wakimbizi wa Bangladesh walijaa kambi ya Bangaon, India, na serumu za mshipani zikawa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru glukosi na chumvi vikorogwe kwenye mapipa, watu wanywe. Kambini vifo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100. Vikashuka chini ya 4. Mapipa, Bibi! Jamaa zangu!

SUKARI: Kama ni hivyo, nimiminwe kilo nzima.

BIDONI: Ukizidi utayavuta maji kutoka kwenye damu yarudi utumboni, na mtoto ataharisha zaidi. Soda nayo ndivyo ilivyo. Jirani mwenye uwezo huja na chupa mbili kuonyesha upendo, pakiti ya SRO, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, inaachwa dirishani kwa kuwa ni ya bure na haina picha nzuri.

SUKARI: Basi semeni vipimo.

BIDONI: Maji safi yaliyochemshwa na kupoa, lita moja. Wewe, vijiko sita vya chai, vilivyosawazishwa. Chumvi, nusu kijiko. SRO ikiwepo, atumie hiyo, maana ina potasiamu pia, ambayo sisi hatuna. Anywe kidogo kidogo, hata akitapika asubiri dakika chache aanze tena. Na gari lisipopatikana, abebwe mgongoni mpaka kituo cha afya huku anakunywa.