Kila Mlio ni wa Doli

Kwenye seti ya filamu kamera husifiwa, taa husifiwa, hata wali wa mchana ukipata nazi ya kutosha husifiwa. Doli halijawahi kusifiwa na mtu. Ni lile jukwaa la magurudumu linalombeba mpiga picha na kamera yake ili picha isogee pasipo kutikisika, na likifanya kazi sawasawa hakuna anayekumbuka kwamba lipo. Lakini lilie "kwii" mara moja tu: fundi sauti atavua hedifoni polepole, mwongozaji atakata, na seti nzima itageuka kunitazama mimi, maana mimi ndiye ninayelisukuma. Kulisukuma ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kulitetea.

Wenzetu wa zamani walifaidi. Giovanni Pastrone alipoipandisha kamera kwenye kigari huko Turin kwa ajili ya filamu ya Cabiria, iliyotoka mwaka 1914, sinema zilikuwa bubu. Kigari chake kingeweza kulia tangu asubuhi hadi magharibi na asitokee wa kulalamika. Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, ndipo kitumbua chetu kilipoingia mchanga.

Mwongozaji mmoja niliyefanya naye kazi alisoma mahali kwamba Jean-Luc Godard, alipokuwa akipiga À bout de souffle, iliyotoka mwaka 1960, alimketisha mpiga picha wake Raoul Coutard kwenye kiti cha magurudumu cha wagonjwa akawa anamsukuma mwenyewe. Basi na yeye akataka kiti. Nikamweleza kwa adabu kwamba maneno ya waigizaji wa filamu ile yaliingizwa baadaye studio, kwa hiyo kiti cha Mfaransa kilikuwa na ruhusa ya kupiga kelele. "Tafuta kiti," akasema.

Tulikipata kwa bibi mmoja, nyumba ya tatu kutoka pale tulipokuwa tunapiga. Tukabisha hodi, tukamwamkia, tukaeleza shida yetu. Alitusikiliza mpaka mwisho. "Kiti nitawapa," akasema, "ila hakitoki hapa bila mimi." Akaja nacho, tukamhamishia kwenye sofa ya sebule ya seti, ile ya tajiri katika hadithi, na toka hapo ikawa vigumu kujua nani anaongoza.

Kwenda mbele kiti kilikwenda vizuri. Tulipopunguza upepo wa matairi kidogo, hata ile mifuo ya sakafu haikuonekana kwenye picha. Tabu ilikuwa kurudi nyuma: kila tulipoanza kurudi, picha iliruka pembeni. Yale magurudumu madogo ya mbele yamefungwa yazunguke yenyewe kufuata mwendo. Ukigeuza mwendo, ni lazima kwanza yajigeuze nusu duara, na yakijigeuza kiti kinapiga teke. Sisi tulikuwa tumeinama chini na spana tunabishana kuhusu nati. Bibi akasema kutoka kwenye sofa, "Wajukuu zangu, mkitaka kirudi, kirudisheni hatua moja kwanza, kitulie, ndipo muanze hayo mambo yenu." Tukafanya hivyo. Picha ikanyooka. Bibi akaagiza chai.

Hiyo ilikuwa ajali ya anasa. Doli la kila siku ni jingine. Huko Marekani kuna madoli ya Chapman na ya Fisher, yenye mkono wa haidroliki unaoinua kamera kimyakimya, na hata uwe na fedha kiasi gani hawakuuzii, wanakukodisha tu. La kwetu lilizaliwa Gerezani, Dar es Salaam. Juu ni ubao wa plai, chini ni vyuma vya pembe vilivyofungwa magurudumu ya skeitibodi, mawilimawili kwa mshazari, ili yalikumbatie bomba kutoka pande mbili. Ndiyo, bomba. Reli zetu ni mabomba ya plastiki ya maji. Beringi ni namba 608, tundu milimita 8 na kipenyo cha nje milimita 22, na Kariakoo zipo. Nunua zile zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili. Zilizo wazi, ukizipeleka pwani, chumvi ya hewani itazitafuna huku unazitazama.

Tuliwahi kujaribu reli ya chuma. Reli nyingi za filamu zina upana wa sentimita 62, nasi tukampa fundi wa kulehemu kipimo hicho kimeandikwa kwenye karatasi. Akapima, akapanga, akalehemu. Mwanzo wa reli ukasoma 62, mwisho ukasoma 61, maana chuma kilicholehemiwa kikipoa hujivuta, na yeye alipima kabla hakijapoa. Magurudumu yakifika nusu ya safari yanabanwa, na doli linapiga ukelele wa kuamsha mtaa. Tukamrudishia. Akapima tena, akatikisa kichwa, akatupa ushauri wa kitaalamu: "Basi muwe mnaishia katikati."

Sasa njoo kwenye waganga, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu sijaona kifaa chenye waganga wengi kama doli. Taa ikizimika, wote wanamngoja fundi wa taa. Doli likilia, kila mtu ana dawa. Dereva anasema grisi. Mlinzi anasema sabuni ya mche. Mwigizaji mkuu, ambaye nyumbani kwake hajawahi kufunga hata bawaba, anasema beringi zimekwisha. Dogo mmoja tuliyepewa awe msaidizi hakusema kitu. Alikwenda kwa mama anayetupikia, akarudi na kikombe cha mafuta ya kupikia, akazipaka reli zote kwa mkono wake wa kulia, kwa mapenzi. Kwa muda doli lilinyamaza na dogo akatembea kifua mbele. Kufika alasiri mafuta yale yalikwisha kushika kila punje ya vumbi iliyopita, magurudumu yakavaa gamba, na doli likaanza kutembea kwa vishindo. Juu ya hayo, sisimizi walikwishapata habari.

Dawa halisi ni za kuchosha. Futa reli kwa kitambaa kikavu, futa gurudumu moja moja, paka poda ya watoto kidogo pale mpira unaposuguana na reli. Kabla ya hapo, tandika reli ukianzia sehemu ya ardhi iliyo juu kuliko zote, kisha pandisha kwingine kwa kabari mpaka pima maji iseme ndiyo kwa urefu na kwa upana. Ukianzia bondeni utachimba mpaka Januari.

Na kabla ya yote, jiulize mlio unatoka wapi. Gurudumu letu lina kipenyo cha milimita 52, maana yake linamaliza mzunguko kila baada ya sentimita 16 hivi. Mlio ukijirudia kila sentimita 16, mkosaji ni gurudumu. Ukitokea mahali palepale kila mara, bila kujali nani anasukuma, mkosaji ni reli, na mara nyingi ni kwenye kiungo. Ukitokea kila mpiga picha anapogeuka kulia, msachi mpiga picha: ni mkanda, ni funguo, ni kiti cha plastiki alichokalia, na siku moja ilikuwa ni goti.

Kanuni hizi zilinitumikia vizuri mpaka Bagamoyo.

Tulikuwa Mji Mkongwe, kando ya ukuta wa matumbawe, tunamfuata mwigizaji anayetembea akisoma barua. Asubuhi nilitandika mabomba yakakutana vizuri kabisa, na hilo ndilo lilikuwa tatizo la kwanza. Bomba la plastiki la mita 6, joto likiongezeka nyuzi 20, hurefuka karibu milimita 7. Mabomba yakikosa pa kwenda, yanainuka. Saa sita mchana reli ilikuwa na kiduta ambacho asubuhi hakikuwepo. Tukakata nafasi kwenye viungo, tukaazima mikeka tukaifunika reli dhidi ya jua, na msusi wetu akaona kivuli, akaona mkeka, akalala.

Alipoamshwa tukaanza. "Eksheni!" Nikasukuma. Kwiiii.

"Doli," akasema fundi sauti.

Nikapima kwa kanuni zangu. Haukuwa kila sentimita 16. Haukuwa kwenye kiungo. Nikalisukuma doli tupu: kimya. Nikalisukuma na mpiga picha juu, akageuka kulia na kushoto, akatingishika kama nilivyomwomba: kimya. Tukarudi kwenye nafasi. "Eksheni!" Kwiiii, na safari hii ukawa mrefu zaidi. Mwongozaji akasema "Kata!" na mlio ukakatika, kwa utii ambao waigizaji wetu hawakuwa nao.

Nikamwomba mwongozaji aseme "eksheni" bila mimi kusukuma.

"Nimwambie nani?" akauliza.

"Usimwambie mtu, mzee. Sema tu."

Alitazama juu, akatazama saa, akasema. Doli limesimama, mikono yangu iko kifuani, kabari ziko chini ya magurudumu. Kwiiii! Na seti nzima ikageuka kunitazama mimi.

Nikazunguka ukuta. Nyuma yake palikuwa na kibaraza cha saruji na watoto watano. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi juu ya kigari cha mbao, kile cha magurudumu ya beringi kuukuu za magari, kavu, bila tone la mafuta. Jichoni ameshika kopo la rangi. Wawili walikuwa wasukumaji. Wa nne alikuwa anatembea mbele yao akisoma jani la mwembe. Wa tano alikuwa hana kazi mpaka mwongozaji wetu apige kelele upande wa pili, naye ndipo ananyoosha mkono kuwaruhusu. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana yule msukumaji wa kushoto alikuwa anashika vizuri, viwiko chini, hatua fupifupi, kama inavyotakiwa.

Bwana wa uzalishaji akaja, akawasikiliza, akawapa soda moja moja wanyamaze hadi jioni. Wakanyamaza kweli. Picha tukaipata kwa mara ya kwanza, na fundi sauti akasema iko safi, bila kulitaja doli.

Kesho yake asubuhi tulikuta vigari vimepangwa ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho, vingine vimetoka mitaa ambayo hatukuwa tumeifikia. Mkubwa wao, wa miaka kama tisa, akaniamkia na kuniarifu kwamba wamekuja kunyamaza. Alitaka tu kujua kama leo ni soda tena au kuna na maandazi.