Ng'ombe Hajui Turbo

Ng'ombe wa Mwamapalala hawana haraka na hawana aibu. Wakiamua kuvuka barabara wanavuka, na wakiamua kusimama katikati watazamane, wanatazamana. Mimi nina Subaru Forester yenye turbo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushtushwa na habari hiyo.

Mtaniuliza nani alinituma kununua gari la namna hii huku Itilima, mahali ambapo mwenye haraka kuliko wote ni jogoo. Lawama ni za Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae aliishinda kule Kenya akiwa na Subaru Impreza ya buluu, nami nikaona picha gazetini, ugonjwa ukaingia. Choroko na dengu zilipokubali, nilitafuta Impreza nikaikosa, nikachukua Forester, ambayo ni binamu yake aliyenenepa kidogo. Mlio ni uleule, na ukweli ni kwamba mlio ndio niliolipia.

Sasa, siku moja natoka Bariadi, nakimbia nikifika tuta nakanyaga, nakimbia nikikuta mbuzi nakanyaga, mbele nikaona kundi limetanda. Nikakanyaga breki. Pedali ikashuka taratibu, kama mgeni anayekaa kwenye kochi asilolizoea. Nikaipiga mara ya pili, ya tatu, na gari likasimama hatua moja kutoka kwenye pembe za dume moja jeupe. Dume likanitazama kupitia kioo kama mkaguzi wa hesabu. Kijana mchungaji wala hakutikisika. "Mwadila, baba," akanisalimia, kana kwamba ndivyo ninavyosimamaga siku zote.

Kesho yake nikawa gereji. Fundi akainama kwenye gurudumu, akatoa ile pumzi ambayo mwenye gari akiisikia anajua pesa imeshaondoka. "Bosi," akasema, "hii mashine inataka breki za Impreza STI."

Nikapewa darasa. Kalipa niliyokuwa nayo ina pistoni upande mmoja tu. Zinasukuma pedi moja, kisha kalipa yenyewe inateleza kuivuta pedi ya pili. Za STI ni Brembo, za Waitalia ambao kampuni yao ilianza 1961 karibu na mji wa Bergamo. Zina pistoni nne, mbili huku na mbili huku, zinaibana diski ya milimita 326 kama koleo la mhunzi. Na ni za rangi ya dhahabu. Sitasema uongo: alipofika kwenye dhahabu nilikuwa nimeshaacha kusikiliza mengine.

Nikaagiza za mtumba kutoka Dar es Salaam, zikaja kwa basi ndani ya kiroba cha mchele. Mke wangu, Mama Kulwa, akakipokea kwa furaha, kikamvuta mkono mpaka chini. Akafungua. Akatazama. Akauliza bei, nami nikataja nusu.

"Baba Kulwa, kwa hela hiyo tungepata plau."

"Plau haisimamishi gari."

"Plau haina breki na haijawahi kumgonga mtu," akasema, akarudi jikoni.

Fundi akafunga kalipa, akarudisha rimu. Rimu ikagoma. Zangu zilikuwa inchi 16, na kalipa hizi zina mwili, zinataka 17. Hilo alikuwa analijua? Aliniambia alilijua, ila hakutaka kunivunja moyo. Nikauza magunia niliyokuwa nimeyaficha nikisubiri bei ipande, nikanunua rimu za 17. Zikaja tupu, maana rimu haizaliwi na tairi. Wiki tatu gari likakaa juu ya matofali, majirani wakawa wanapita kunipa pole kama kwenye msiba, na mmoja alikaa mpaka chai.

Jambo lililoniuma zaidi alilisema kijana wa kushika spana. Wakati wa kutoa upepo kwenye breki alimwaga mafuta ya zamani kwenye kopo, yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Akanong'ona, "Mzee, tatizo lilikuwa hili tu." Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, mwaka hadi mwaka. Ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. Ukikanyaga mfululizo breki zinapata moto, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama godoro wakati mafuta hayabonyei. Ndiyo maana pedali ilizama. Chupa ya mafuta mapya haifiki bei ya kuku wa kienyeji. Fundi alipoona tunanong'ona akamtuma kijana akalete spana namba 17, ambayo kijana alikuwa ameishika mkononi.

Tena hizi diski kubwa kazi yake ni kubeba joto. Ukitoka mwendo wa 50 ukaenda 100, nishati ya kuondoa ili gari lisimame inakuwa mara nne, na yote inageuka moto pale kwenye diski. Ningekuwa nateremka mlima Kitonga kila asubuhi ningeelewa. Mimi njia yangu ni tambarare, kuna vibao vya 50, na mteremko mkubwa ninaoujua ni wa kuingia kwa baba mkwe.

Zikabaki tairi. Mfuko ulikuwa umeshapigwa, nikachukua za mtumba. Ubavuni zina tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka zilipotengenezwa. Zangu zilisomeka 2911. Muuzaji akaniambia hiyo ni namba ya kiwanda, nami nikaamini, kwa sababu nilikuwa nataka kuamini.

Siku ya mnada nikatoka kwenda kujionyesha. Dhahabu inang'aa katikati ya rimu, watoto wanapiga kelele. Kundi likaingia barabarani, safari hii na dume jeupe likiwa mbele, nadhani lilikuwa limenisubiri. Nikakanyaga kwa raha zote. Breki zikashika! Waitalia hawakuniangusha hata chembe. Magurudumu yakakubali kusimama, ABS ikaanza kunitekenya unyayo, na gari likaendelea na safari yake, likiteleza juu ya mpira mgumu kama kwato, mpaka likaenda kupumzika kwenye jaruba la mtu.

Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda aliyebeba kiroba cha michembe. Pikipiki yake nilikuwa naijua, breki ya nyuma ilishakufa zamani. Alishusha miguu miwili chini, katambuga zikakwaruza lami, akasimama palepale nilipokusudia kusimama mimi.

Akateremka, akaja jarubani. "Shikamoo baba. Umeumia?" Nikamwambia sijaumia. Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya tairi yangu ya mbele, kipara kitupu. Kisha akainua mguu akaitazama soli ya katambuga yake, iliyochongwa kwenye tairi ya lori. Kashata zilikuwa nzima zote.

"Baba," akasema kwa heshima, "hizi nilichongewa Bariadi. Nikuelekeze kwa mzee?"