Duara Lisilo na Mlango

Umeme ulirudi kwa kishindo Jumanne usiku, na amplifaya ya marehemu baba ikatoa harufu ya vanishi iliyoungua. Nilijua kabla sijafungua boksi. Amplifaya ile imehudumia maulidi na harusi za mtaa wetu hapa Tanga tangu nikiwa kijana, na harusi ya mpwa wangu ilikuwa imebaki majuma matatu.

Kilichoungua ni transfoma, tena ile ya duara. Transfoma ya kawaida ina sahani za chuma: unazichomoa, unasuka koili pembeni, unazirudisha. Ya duara haina mlango. Kiini chake ni ukanda wa chuma uliozungushwa ukabana, na kila mzunguko wa waya sharti upite tunduni, wote, mpaka ncha. Ndiyo maana mafundi wawili niliowaendea walinishauri nifunge ya sahani. Ya sahani haienei kwenye lile boksi jembamba, na hunguruma. Ya duara huifungia sumaku yake ndani ya chuma, sauti ikatulia. Amplifaya ya baba haikuwahi kunguruma, na mimi sikutaka ianzie mikononi mwangu.

Nikapima kiini: kimo sentimita 5, unene 3, tundu 6. Eneo la chuma, sentimita 15 za mraba. Kwa umeme wetu wa volti 230 na hezi 50, chuma kikibebeshwa sumaku ya tesla 1.2, kila mzunguko unachukua volti 0.4. Jumla mizunguko 575. Mzunguko mmoja unakula sentimita 17, basi ni karibu mita 98 za waya wa milimita 0.8.

Nilianza na sindano ya kusukia nyavu ya baba mkwe. Inabeba mita chache tu, na waya unajipinda kona, na kila kona vanishi inaweza kupasuka. Kwenye mzunguko wa 60 nikaiweka chini. Ukutani palikuwa na baiskeli ya mwanangu, yenye tairi za inchi 12.

“Baba watoto, hiyo ni ya mtoto,” mke wangu akasema, kabla sijatamka neno.

Nilimwita mtoto mwenyewe, nikamweleza kuwa nahitaji gurudumu lake la mbele, na kwamba nitamnunulia jingine kabla ya harusi. Akafikiri kidogo. Akauliza kama amplifaya ikipona atashika maiki. Tukakubaliana.

Nikang'oa spoku, nikaikata ringi kwa msumeno wa chuma, nikaipenyeza kwenye tundu la kiini kama pete ndani ya pete, nikaiunga tena kwa kibati na skrubu mbili. Ringi inazunguka juu ya vigurudumu vitatu nilivyochonga kwenye kandambili kuukuu za mke wangu, maana mpira ule unashika bila kuumiza waya. Kwanza unaishibisha ringi waya wote. Kisha unafunga ncha kwenye kiini, unaizungusha ringi, na kila ikipiga duru moja inalaza mzunguko mmoja. Hesabu aliishika binti yangu: sumaku ndogo kwenye ringi, swichi ya kioo inayojifunga sumaku ikipita, na nyaya mbili mpaka kwenye kitufe cha sawasawa cha kalkuleta yake ya shule. Ringi ikipita, kalkuleta inaongeza moja.

Kiini nilikivika utepe wa pamba wa mafundi wa mota. Michael Faraday, aliposuka duara lake la chuma huko London Agosti 1831, alitumia kamba na kitambaa cha pamba kutenganisha waya, kwa kuwa waya wenye vanishi hakuwa nao. Nilipokuwa nikibana utepe ule niliiheshimu sana mikono yake.

Jioni ya pili kalkuleta ikasoma 575. Nikaunganisha koili na umeme, balbu ya wati 100 ikiwa njiani kwenye waya mmoja. Transfoma nzima huiacha balbu iwake mara moja kisha ififie. Yangu iliwaka, ikabaki inawaka, sebule nzima nyeupe. Mahali fulani mizunguko ilikuwa imegusana.

Nikaanza kufumua. Binti alipokea waya, mke wangu akakaa karibu na taa akiupitisha baina ya vidole, kwani yeye ni fundi cherehani na vidole vyake huona. Akasimama ghafla. “Hapa pamekwaruzwa.” Mkwaruzo mdogo, mfupi kuliko punje ya mchele, shaba tupu ikimeta rangi ya waridi. Mbele kidogo, mwingine. Akavuta futi yake ya kupimia nguo: sentimita 63. Kisha mwingine, 63.

“Alama ikirudi kwa hatua sawa, inatoka kwenye gurudumu,” akasema. “Hata cherehani iko hivyo.”

Tukaizungushia ringi ile futi. Sentimita 63. Nikapitisha kidole kwenye kiungo, pale nilipokata kwa msumeno, nikakuta ukingo umesimama kama mfupa wa dagaa. Nilikuwa nimepiga msasa pembeni na kusahau katikati ya mfereji.

Hapo nikaelewa na jambo jingine, likanipa faraja kubwa. Waya uliogusa kiungo ni ule uliolazwa wa kwanza kwenye ringi, na huo ndio uliotoka wa mwisho. Kwa hiyo ubovu wote ulikuwa juu. Tulifumua mizunguko 78, waya ukaanza kutoka safi, tukasimama. Tupa, msasa, utepe juu ya kiungo. Nikaunga waya mpya kwa risasi, nikauvika kimrija cha kuhami, ringi ikazunguka tena. Mwanangu alikuwa amelala mkekani kando ya baiskeli yake ya gurudumu moja.

Ilikuwa saa tano usiku nilipowasha. Tulikuwa tumezima taa nyingine ili tuione balbu vizuri. Ikamulika mara moja, ikafifia, ikawa nyuzi nyekundu, ikazimika kabisa. Hatukusema kitu.

“Umekatika tena?” mama mkwe akauliza kutoka barazani.

“Hapana, bibi,” binti yangu akajibu gizani. “Imepona.”