Shangazi Anajibu: Jioni Moja Mji Mkongwe, Malalamiko Matatu

Wiki hii Shangazi amepokea barua tatu ndani ya bahasha moja. Zimetoka kwa familia ya Dodoma iliyokwenda Unguja likizoni. Zote zinazungumzia jioni ileile, ila anayezisoma bila kutazama majina atadhani ni safari tatu tofauti.

Ya kwanza ni ya baba, anayejiita Kiongozi wa Msafara. Kutoka hotelini kwao Shangani hadi bustani ya Forodhani ni mwendo wa dakika chache, lakini wao walizunguka tangu adhana ya magharibi mpaka ya isha, kwa kuwa ramani ya simu ilikuwa ikiwaonyesha juu ya mapaa ya watu. Mkewe alimshauri aulize njia. Yeye akaona atavunjiwa heshima mbele ya watoto. Je, serikali haiwezi kuweka vibao?

Shangazi anamshangaa. Mdogo wangu, anamjibu, vichochoro vya Mji Mkongwe havikujengwa kwa ajili ya simu wala gari. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilisogezwa karibu karibu ili njia ipate kivuli, ikabaki nafasi ya watu kupishana na punda kupita na mzigo wake. Tena kupotea mle kuna mipaka: ukishika magharibi utaikuta bahari, ukishika mashariki utaibukia Darajani, ambako zamani palikuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa. Katikati ya hapo kuna baraza, na barazani hapakosi watu. Atoe salamu kwanza, aitikiwe, ndipo aulize. Pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa, angeelekezwa na watu wanne kwa mpigo, pengine kwa njia nne, na zote zingefika. Papasi, yaani kijana wa mtaani anayejifanya mwongoza watalii, akijitolea kuwapeleka, wakubaliane bei kabla ya kuondoka.

Barua ya mama ni fupi na ina hasira. Aliagiza pizza Forodhani, akaletewa chapati iliyokunjwa, ndani nyama ya kusaga, yai na kitunguu. Halafu bei ikatajwa baada ya watoto kumaliza kula.

Kuhusu lalamiko la bei, Shangazi yuko upande wake kabisa: bei iulizwe chakula kikiwa bado hakijagusa kikaango. Kuhusu lile la chapati, hapana. Hiyo ndiyo pizza ya Zanzibar, na aliyetaka ya Italia alipanda boti isiyo yake. Kosa kubwa zaidi ni kuondoka bila kuonja urojo, ule mchuzi mzito wenye uchachu wa embe na ndimu, unaomwagiwa juu ya viazi na bajia.

Ya tatu imeandikwa na kijana wa miaka 13. Aliahidiwa kuingia Beit-el-Ajaib, Jumba la Maajabu, akaishia kuitazama kwa nje. Anauliza kama historia ndiyo hiyo, kuangalia kuta.

Mwanangu, anasema Shangazi, hukudanganywa na wazazi. Sehemu ya jengo hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Lakini kwa nje pana kisa ambacho baba yako, kwa kushughulika na simu, hakukusimulia. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alilijenga mwaka 1883 kwa hafla za kifalme. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza zililipiga mizinga eneo la kasri kutoka baharini, mbele ya hapohapo mlipokaa mkila, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Kasri ya jirani ikabomoka, Beit-el-Ajaib ikasalia. Simama ukutani Forodhani, pale vijana wanaporukia majini jioni, uitazame bandari, ukadirie mwenyewe meli zilikuwa umbali gani.

Kuhusu heshima ambayo baba aliogopa kuvunjiwa, Shangazi amekwisha kuamua. Safari ijayo simu ibaki mkobani kwa mama, na kijana ndiye atakayetoa salamu barazani.