Nyani Apewe Ahsante Yake

Nyani amesemwa vya kutosha. Tangu utotoni tunaambiwa haoni kundule, huona la mwenziwe, na hakuna aliyewahi kumshukuru. Mleteni Minneapolis mwezi wa Januari muone faida yake.

Sheria ya jiji humpa mwenye nyumba saa 24 tangu theluji iache kuanguka awe ameizoa kwenye njia ya miguu mbele ya kwake. Sasa fikirieni mtaa wa waadilifu watupu, kila mtu akijikagua kwanza. Nani angepiga 311, namba ya simu ya jiji, kushtaki? Theluji ingelala pale hadi igeuke barafu, na tarishi angevunjika nyonga. Lakini nyani yuko kazini. Bwana mmoja amesimama dirishani na kikombe chake cha chai, anaiangalia nyumba ya pili: "Wavivu hawa! Hawajui kuna wazee wanapita hapo?" Ya kwake haijaguswa, ila hiyo ina sababu: ametoka shifti ya usiku, mgongo unamuuma, na theluji yake, ukiichunguza vizuri, ni laini. Anapiga simu. Bahati nzuri nyumba ya pili nako kuna nyani, naye ameshapiga. Mkaguzi anamaliza mbili kwa safari moja. Asiyesikia onyo, jiji humzolea na kumletea bili. Tarishi anapita salama, na hajui amshukuru nani.

Ikitangazwa dharura ya theluji, siku ya pili upande wa namba shufwa katika mitaa ya kawaida huwa marufuku kuegesha kuanzia saa mbili asubuhi. Gari la mwenzako likikokotwa, ni uzembe, kwani matangazo hakuyasikia? Lako likikokotwa, jiji linatafuta hela. Mawakili hulipwa pesa nyingi kwa hoja za namna hii.

Au mtazame barabarani, njia mbili zinapobanwa kuwa moja. Idara ya Uchukuzi ya Minnesota inasihi madereva wazitumie zote mpaka mwisho, kisha waingiane mmoja mmoja. Wenyeji, kwa ile adabu yao inayosifiwa kote, hujipanga foleni mapema, halafu humlaani kimoyomoyo anayewapita. Nyani hababaiki. Leo yumo kwenye foleni, anayepita ni mshenzi. Kesho anapita yeye, anatii ushauri wa serikali.

Na Waafrika wenzetu wa Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, tusiwasahau. Kadi ya sherehe imesema saa kumi. Saa moja na nusu usiku shangazi anaingia na sufuria la pilau, anakuta ukumbi una viti tu. "Sisi Waafrika na saa!" anasikitika, huku akimpigia simu mumewe, ambaye bado anapiga shati pasi, amwambie asijisumbue kukimbia, hakuna aliyefika.