Sifa za Ndege Iliyochelewa

Walimwengu hawana shukrani. Hapa Kisumu Ndogo, Kibera, reli iliyofika Kisumu kubwa mwaka 1901 imepita kando ya vibanda vyetu, na ndege za Uwanja wa Wilson haziko mbali nasi. Zote hulaumiwa kwa kosa moja. Basi leo, ewe Kuchelewa, nakusifu.

Ndege ya Kisumu hukaa angani chini ya saa nzima. Basi hula saa saba au nane. Wenye tiketi za ndege wangetuvimbia, ila wewe huwaweka uwanjani mpaka basi letu lipite Kericho. Tarehe 11 Septemba 2024, wafanyakazi wa Uwanja wa Jomo Kenyatta walipogomea mpango wa kuukodisha uwanja huo kwa kampuni ya Adani ya India, ulimkalisha tajiri na dada aendaye kazi za nyumbani Ghuba bila kubagua.

Unaye pia ndugu, Tiketi Kuzidi Viti. Matatu ya Kawangware ikijaa, makanga huweka ubao katikati nawe, abiria, ukakaa. Ndege haina ubao. Unarudishwa mlangoni na tiketi yako uliyoilipia, kwa kuwa shirika lilipiga hesabu kwamba wengine hawatatokea. Umetokea, umeharibu hesabu, omba radhi.

Lakini ninachokustahia zaidi, ewe Kuchelewa, ni ujuzi wako wa jiografia. Mkenya akiondoka Paris, akafika Nairobi amechelewa saa 4 bila sababu iliyo nje ya uwezo wa shirika, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 humpa yuro 600, hata ndege ikiwa ya Kiafrika. Huyohuyo akitoka Nairobi kwenda Paris kwa ndege hiyohiyo ya Kiafrika, kanuni haimjui. Mgongo ni uleule, benchi ni lilelile, bei ndiyo imehama. Hubakiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake. Huo haulipi kungoja kwenyewe. Hulipa hasara iliyothibitishwa. Kwa risiti! Nani kwetu huomba risiti ya chai na mandazi?

Msomaji, iombe. Tunza pia pasi ya kuabiri, na udai sababu ya kuchelewa kwa maandishi. Maana ndege huchelewa itakavyo, lakini wewe Mkataba huo umekupa miaka 2 tu kufungua kesi. Ikipita, haki yako imekufa.